Kibuyu Nilichokitoa Bila Kuonja

Jumamosi iliyopita niliwaacha pale stendi ya Kabanga, simu mkononi, nikilia mbele ya vijana wa kubadilisha pesa. Najua wengi mlidhani ni msiba mwingine, na siwalaumu. Tangu nianze kuwasimulia maisha yangu sijawapa habari njema hata moja.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Speciose, Mrundi wa Muyinga. Ualimu ndio ulionivusha mpaka kuja Tanzania. Nilichumbiwa na kijana wa Kihangaza, wenyeji wa huku Ngara, aitwaye Derick, tukaandaa mpaka siku. Baba yake, Mzee Desderius, akasema mwanawe haoi nyumba ambayo yeye hajui makaburi yake yako wapi. Derick akanywea, akaoa binti wa kijiji cha Bisibo. Mwezi huohuo nikafukuzwa kazi shule moja ya binafsi huko Runazi. Aliyeniokota ni Mama Adelfina, mjane mwenye mgahawa hapa Kabanga, jirani na maegesho ya mabasi. Alinipa chumba, akanipa aproni, halafu akaanza kuniita mwanangu.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nakililia.

"Dada, umefiwa?" kijana mmoja aliniuliza, noti za faranga zimejaa mkononi.

"Nimekubaliwa!"

"Na nani?"

"Chuo kikuu. Ubelgiji. Uzamili. Wananilipia kila kitu!"

"Sasa unalia nini? Unatufukuzia wateja."

Nilikimbia hadi mgahawani. Mama Adelfina alikuwa nyuma ya jiko, anamenya ndizi. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, Kiswahili na Kirundi vikichanganyika.

Aliweka kisu chini. "Ubelgiji ni mbali kuliko Dar?"

"Mbali sana, mama. Ni Ulaya."

Akaokota kisu, akamenya ndizi nyingine mpaka mwisho. "Na mimi unaniacha na nani?"

Yeye ndiye aliyecheka kwanza, akanikumbatia kwa mikono yake iliyojaa utomvu, akanichafulia blauzi. "Nakutania. Nenda, mwanangu. Nenda ukawaonyeshe."

Jumapili iliyofuata nilikuwa natimiza miaka thelathini. Kwetu mwanamke wa umri huo asiye na mume hafanyiwi sherehe, anafanyiwa maombi. Shangazi yangu aliniambia hivyohivyo kwa simu kutoka Muyinga, tena alikuwa hatanii. Lakini Mama Adelfina aliamua mambo yote mawili yafanyike siku moja, chuo na miaka, nyumbani kwake, baada ya misa.

Nilimwambia ninunue soda na keki kutoka Ngara mjini.

"Keki ni ya watoto," alisema. "Mtu anayekwenda mbali anaagwa kwa rubisi. Ndizi ninazo, na mikono ninayo."

Rubisi ni pombe ya ndizi. Sisi Warundi tunaiita urwarwa, lakini ni ileile, na sheria yake ni ileile pande zote mbili za mpaka. Anayekupa kibuyu anaonja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Maana yake kama kuna kitu humo ndani, tutakufa wote. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Hata mlevi anayelala mtaroni hasahau.

Na mimi nilijua. Tatizo langu lilikuwa tumbo.

Wiki ile nilikuwa naharisha vibaya. Nesi wa zahanati alinipa vidonge vya amiba, akaniambia pombe nisiiguse kabisa, hata ya kuramba, nitatapika mpaka nyongo. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimekwisha kuwa dada wa Ulaya, watu wananisimamisha njiani kunipa mkono. Ningeanzaje kuwaambia habari za choo?

Hiyo ndiyo aibu ndogo iliyoniponza. Mkitaka kunicheka nichekeni sasa, mbele huko hamtaweza.

Siku ilipofika watu walijaa ua mzima. Kwaya ya kigango ilikuja na sare zake. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Projestus, alisimama akatoa hotuba ndefu. Yeye hutamka l na r anavyojisikia, na siku hiyo alikuwa na furaha.

"Huyu binti arikuja hapa na begi moja," alisema. "Reo anatuacha anakwenda kwa Wazungu. Harafu kuna watu wanasema Kabanga hakuna baraka!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mbele, kitenge kipya, nywele nimesuka, tumbo linanguruma chini kwa chini.

Makofi yakakatika ghafla upande wa mlango wa ua.

Mzee Desderius alikuwa amesimama pale. Kofia yake ameivua, ameishika kwa mikono miwili. Nyuma yake mkewe, Mama Agripina, na nyuma ya Mama Agripina, Derick. Hakuna aliyewaalika.

Niseme ukweli wangu. Nilifurahi. Nilifurahi kumwona mtu aliyenikataa amesimama katika ua ninaoishi, anasubiri kuambiwa akae. Nilimwacha asimame muda mrefu kuliko inavyopasa kumwacha mzee. Kila nikikumbuka hilo nasikia vibaya.

Mwishowe nikaenda nikapiga goti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Sauti yake ilikuwa nzito, na uso ulikuwa na jasho ingawa kulikuwa na upepo.

"Sikuja kula," alisema, watu wote wanasikia. "Nilikukataa kwa sababu ya kilima ulichozaliwa. Hukuwa na kosa. Nimezeeka, sitaki uende huko na kinyongo changu, na mimi nibaki na chako. Nipe kibuyu kwa mkono wako, tuyamalize."

Nililia, na si mimi peke yangu. Derick alikuwa anatazama chini. Hata yule mwanakwaya mnene aliyekuwa akinisema kwa majirani alijifuta macho.

Mama Adelfina hakulia. Aliingia ndani, akakawia kidogo, akatoka na kibuyu kidogo kizuri kuliko vyote vilivyokuwa nje, mrija umesimama juu. Akaniwekea mikononi.

"Mpe," alisema.

Nilikisogeza kibuyu. Harufu ya rubisi ilinipiga puani na tumbo likajikunja. Mrija ulikuwa karibu na midomo yangu kabisa. Nikawaza: kidogo tu, tone moja. Halafu nikajiona natapika juu ya viatu vya Mzee Desderius, mbele ya kwaya, mbele ya Derick. Nikanyoosha mikono, nikampa.

Mama Agripina alimshika mumewe mkono.

"Hajaonja," alisema.

"Mwache."

"Baba Derick, nakwambia hajaonja!"

Mzee Desderius alitabasamu. "Mwache, mke wangu. Mtoto ana haraka ya Ulaya. Kama simwamini leo nimekuja kufanya nini?"

Akavuta mrija. Alivuta mvuto mrefu, akafumba macho, akavuta tena. Watu wakashangilia kwa nguvu, maana kila mtu alikuwa amebana pumzi. Ngoma ikaanza. Mama mmoja akanivuta nikacheze na mimi nikaenda, nacheza nalia nacheka. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu aliyesamehe na aliyesamehewa, na sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo tena.

Wimbo haukuisha. Nilisikia kibuyu kikianguka, kisha kiti. Mzee Desderius alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, mguu mmoja unakwaruza ardhi.

"Baba!" Derick alipiga kelele. "Gari! Leteni gari!"

Walimpakia kwenye Noah iliyokuwa ikisubiri abiria stendi. Mama Agripina aliingia kwa nyuma, na kabla mlango haujafungwa alinyoosha kidole.

"Hakuonja! Wote mmeona kwa macho yenu, hakuonja!"

"Nilikuwa natumia vidonge!" nilijibu kwa sauti. "Nimekatazwa pombe!"

"Vidonge vya nini?" mtu aliuliza nyuma yangu.

"Vya tumbo."

"Tangu lini? Mbona tulikuona unacheza?"

Noah ikaondoka. Nilipogeuka, watu walikuwa wanavaa viatu vyao. Waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, na vibuyu waliviacha vimejaa.

Derick alinipigia simu kesho yake kutoka hospitali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, lakini haikuwa na hasira.

"Ni kiharusi," alisema. "Daktari anasema presha ya siku nyingi. Baba aliacha dawa zake bila kutuambia. Hakuna sumu, Speciose. Nimeuliza mwenyewe."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya mgahawa nikamshukuru Mungu. Nilidhani imekwisha.

Asubuhi iliyofuata dereva mmoja wa lori, mtu niliyempikia chai tangu nifike, alisukuma kikombe kuelekea kwangu.

"Onja kwanza, mwalimu."

"Unanitania."

"Onja."

Nikaonja. Meza ya pili nao wakataka nionje. Nilionja chai, nikaonja mchuzi wa maharage, nikaonja mpaka maji ya kunywa, watu wananiangalia koo. Baada ya siku chache hata hao hawakuja tena. Akina mama niliosali nao jumuiya moja walianza kuvuka barabara wakiniona.

"Daktari kasema kiharusi," nilimwambia jirani mmoja.

"Daktari anajua ya hospitali," alinijibu. "Ya kibuyu anajua aliyekishika."

Nilitaka kuondoka mapema, nikasubirie safari Muyinga kwa shangazi. Nilikwisha kufunga begi. Mama Adelfina alilikuta kitandani, akaanza kutoa nguo moja moja, akizikunja upya na kuzirudisha kabatini.

"Mama, unafanya nini?"

"Ukivuka mpaka leo, umekiri. Watasema umekimbia damu ya mtu. Kaa hapa mpaka yaishe."

"Masomo yanaanza! Wakinikosa watampa mwingine nafasi."

"Ubelgiji haihami. Kaa na mimi, mwanangu. Mimi ndiye ninayekuamini."

Nilimwamini na nikakaa. Nani mwingine ningemsikiliza?

Kisha Mzee Desderius akarudishwa nyumbani, na Mwenyekiti Projestus akaniita kwake. Derick alikuwepo, ameketi kwenye benchi.

"Mzee hawezi kusema," Mwenyekiti alianza. "Rakini anasikia, anameza, na mkono mmoja unafanya kazi. Tumekaa na ukoo. Utakwenda pare nyumbani kwake, upike uji wewe mwenyewe, uonje mbere ya watu, umrishe. Akipokea, neno hiri rimekufa. Mimi mwenyewe nitakusindikiza mpakani, mchana kweupe, na mtu asikuguse."

"Na asipopokea?"

Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. "Asipopokea, ukoo utakwenda porisi. Sitawazuia. Safari itakuwa imekufa."

"Atapokea," Derick alisema haraka. "Nimemwuliza mwenyewe. Ndiyo yake ni kufumba macho. Nilimwuliza kama atakula mkononi mwako, akafumba. Nilimwuliza tena, akafumba tena."

Nilimtazama yule mwanaume aliyeniacha nikaona bado ana roho. Nikasema nitakwenda.

Nilikwenda Alhamisi. Nilimwomba Mama Adelfina abaki nyumbani, akakataa. "Mwanangu hawezi kupimwa peke yake kana kwamba hana mtu," alisema, akajifunga kanga mbili.

Mama Agripina alinipa kila kitu kwa mkono wake: sufuria, maji, unga wa ulezi, sukari. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya mafiga akaangalia kila nilichogusa. Uji ulipochemka alichota wake kwanza kwenye kikombe, akanipa.

"Kunywa huo," alisema. Nikanywa ukaniunguza ulimi, na sikulalamika.

Mzee Desderius alilazwa sebuleni, mito imemwinua mgongo. Viti vilikuwa vimetolewa ili watu wapate nafasi, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Mama Adelfina alibaki mlangoni, nyuma ya wengine. Nilipiga magoti kando ya kitanda, bakuli mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kukuta chuki katika yale macho, na sikuikuta. Kilichokuwepo ni uchovu, na kitu kama huruma.

Nilichota kijiko, nikaonja, nikameza, nikafungua mdomo ili wote waone. Nikachota kingine.

"Mzee, nimeonja. Siku ile sikuonja kwa sababu nilikuwa mgonjwa wa tumbo na niliona aibu kusema. Nisamehe. Sikuwa na ubaya."

Akafumba macho. Mama Agripina alianza kulia kwa kwikwi. Derick alisema, "Mmeona? Kafumba! Ni ndiyo!"

Midomo ya mzee ikafunguka, upande mmoja kwanza, halafu mwingine kidogo. Nikasogeza kijiko. Mtu nyuma alianza kusali Salamu Maria kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia. Watu walisukumana kuja mbele waone vizuri. Nilikuwa nawaza mpaka wa Kabanga, nawaza Mwenyekiti ananipa mkono mbele ya wote.

Uji ulikuwa umegusa mdomo wake wakati macho yake yaliponiacha. Yalipita juu ya bega langu yakasimama hapo. Yakatanuka.

Akafunga mdomo kwa nguvu, uji ukamtiririka kidevuni.

"Mzee? Ni mimi, Speciose. Nimeonja mwenyewe."

Sala ilikatika. Blanketi lilitikisika na mkono wake ulio mzima ukatoka, kidole kimenyooka. Haukuja kwangu. Ulipita karibu na sikio langu mpaka nikasikia joto lake.

"Baba," Derick alisema, "unamwonyesha nani?"

Niligeuka. Nyuma yangu, hatua moja tu, alikuwa amesimama Mama Adelfina. Sijui alipenya saa ngapi. Watu waliokuwa karibu naye walikuwa wanarudi nyuma, na upande huu na upande ule pakabaki wazi.

Hakumtazama mzee wala kidole chake. Alinitazama mimi.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema. "Mgonjwa huyu hajui anachofanya. Twende."

Mwanamke huyu alinipa kitanda nilipokuwa sina pa kulala. Alinilisha nilipokuwa nimefukuzwa. Alisimama na mimi mji mzima uliponivukia barabara. Na alikuwa peke yake ndani ya nyumba, amekawia, alipokuwa anajaza kile kibuyu. Ni yeye pia aliyeniuliza namwacha na nani.

Nilijua nikiuliza, sitamrudisha tena kuwa mama yangu. Nikinyamaza, kesho nitakuwa kituo cha polisi mimi.

Nilibaki nimepiga magoti, kijiko bado mkononi.

"Mama," nikasema, na nyumba nzima ikasikia, "wewe ulionja?"

Mama Agripina aliacha kulia. Mama Adelfina aligeuka kuelekea nje. Mwenyekiti Projestus alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Akaufunga, akauegemea kwa mgongo wake.